Java Ikakubali, Mama Akazungumza

Mara ya mwisho tulipoachana hapa ukurasani, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi mpya, kitambulisho kikining'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe, nikijiambia kwamba mikosi yangu sasa imechoka kunifuata.

Nilijidanganya. Mkosi ukishakuzoea huna wa kumwachia.

Kwa aliyeingia leo, nimweleze kwa ufupi. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Baba yangu alipopoteza macho, mama ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti kila asubuhi, kuanzia habari za mbele mpaka matangazo ya vifo. Mama naye alipoanza kuugua, tukakubaliana mimi na yeye: nimrekodi sauti, silabi kwa silabi, neno kwa neno, kisha niandike programu ya kumsomea baba kwa sauti ile ile, hata siku mwenyewe akiwa hayupo.

Tulirekodi chumbani, blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za mtaa. Mama akikohoa, alikuwa anaiomba mashine radhi. "Samahani, kompyuta."

Akafariki kazi haijakwisha, baba akabaki nasi nyumbani kwetu. Na kabla machozi hayajakauka, mwizi akavunja mlango wetu. Alichukua vitu viwili tu: kompyuta yangu na viatu vya harusi vya mume wangu. Sauti ya mama ikaondoka na ile kompyuta. Mimi nikaanguka kitandani, kazi ikaniponyoka, na yaliyofuata umeyasoma.

Sasa sikia haya.

Kiongozi wetu ofisini tulimwita Jemedari, maana hata akiomba kijiko cha sukari anaomba kama anaanzisha vita. Siku yangu ya kwanza alikuja akanisimamia mezani.

"Wewe mgeni, unaijua Java?"

"Naijua."

"Unaijua, au mmesalimiana tu njiani?"

"Tumeshiba pamoja, tumelala njaa pamoja."

Akacheka kwa pua. "Vizuri. Kuna programu moja huria imeandikwa kwa lugha hiyo ya kompyuta. Ni mali ya wote. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuitengeneza anavyotaka. Inawasomea watu wasioona. Chama chao kimetuomba tuwawekee kwenye simu za wanachama wote. Kazi yako ni kuishusha kwenye kompyuta hiyo na kuiamsha. Ikishaamka, niite."

Moyo ulinipiga kidogo. Inawasomea wasioona?

Nikajituliza. Wazo ni kama mafua, halimshiki mtu mmoja. Kwani ni mimi peke yangu duniani niliye na mzazi asiyeona?

Jioni nilimsimulia mume wangu mezani. Aliacha kutafuna.

"Waambie wakupe kazi nyingine."

"Siku ya kwanza tu nianze kuchagua kazi? Nimekaa nyumbani muda gani nikiisubiri?"

"Nakuonea huruma, mke wangu. Itakukumbusha mama."

Nikamshika mkono. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume mwenye moyo wa nyama. Cheka tu, msomaji. Nakuruhusu.

Kesho yake nikaanza. Wasiojua kazi hii hudhani kuamsha programu ni kubonyeza kitufe. Thubutu! Mradi wa mtu mwingine ni kama jiko la mwenzio. Chumvi humo utaikuta kwenye kopo la majani ya chai, na kisu kiko anakokijua mwenyewe.

Nilishusha mradi, nikaufungua, nikauambia ujijenge. Kioo kikajaa maandishi mekundu toka juu mpaka chini, na mwisho neno moja: imeshindikana.

Nikasoma tena maelekezo. Mradi ulitaka Java mpya. Nikaiweka Java mpya. Imeshindikana.

Kumbe ile kompyuta ya ofisi ilikuwa na Java mbili, ya zamani na hii niliyoiweka, na kila nikiita Java, anaitika bibi mzee.

Miradi huria huwa na baraza lake mtandaoni, mahali pa kuombea msaada. Nikaingia humo, nikajiita Mgeni, nikaandika shida yangu. Hazikupita dakika, nikajibiwa na mwenye mradi. Naye alijiita Mlezi.

"Pole, Mgeni," Mlezi aliandika. "Java ni kama mama mkwe. Ukimletea ya zamani anasusa, ukimletea mpya anauliza kwa nini hukumletea jana. Ielekeze kompyuta yako kwa jina kabisa, iambie Java unayoitaka ndiyo ile kule. Usiiachie ichague."

Nikacheka peke yangu. Nikafanya alivyosema, na maandishi mekundu yakapungua.

Ikabaki kushusha maktaba, yaani vile vipande vilivyoandikwa na wengine ambavyo mradi unavitegemea. Hapo ndipo wifi ya ofisi ikaanza vituko. Ikifika katikati, inakatika. Nikianza upya, inafika pale pale, inakatika.

Dunia hii ina wifi wawili, msomaji: huyu wa intaneti, na yule dada wa mume. Huyu wa intaneti nilimlaani siku nzima. Wa ndoa ningekuapia kwamba hakatiki.

Wifi yangu tulisoma naye kompyuta darasa moja, na ni yeye aliyenikutanisha na kaka yake. Mama alipolala kitandani, wifi alikuwa anakuja kumwosha na kumsuka nywele. Siku ya msiba alilia mpaka sauti ikamkauka. Baadaye alipata kazi mji mwingine, akawa mtu wa salamu za simu. Nilikuwa nawaambia watu: wengine Mungu huwapa ndugu, mimi amenipa wifi.

Asubuhi iliyofuata maktaba zikaisha kushuka. Nikajenga. Ikajengeka!

Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha kusoma. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya cha makaburini.

"Mlezi," niliandika, "imejengeka lakini haisemi."

"Umekaribia, Mgeni. Sauti yenyewe haimo ndani ya mradi. Programu ni ya wote, ila sauti ni yangu, naitunza kwenye seva yangu. Kila inaposoma, inaivuta sauti kutoka kwangu. Fungua faili la mipangilio, pale kwenye anwani ya seva weka hii ninayokutumia. Kisha usikilize. Utapenda."

Nikaweka anwani. Ofisi nzima ilikuwa inaendelea na kazi zake. Mmoja anatafuna karanga, mwingine anagombana na mashine ya kuchapa. Jemedari alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi.

Nikabonyeza.

"Haya, nakusikiliza."

Nilishika meza.

Ilikuwa sauti ya mama yangu.

Si sauti inayofanana na ya mama. Mama mwenyewe! Alivyokuwa akiniitikia nikitoka shule na kesi zangu, haya kwanza, halafu anavuta pumzi kidogo, ndipo nakusikiliza. Pumzi ile nayo ilikuwamo.

"Safi!" Jemedari akapiga makofi. "Inaongea kama mama wa mtu."

"Ni mama wa mtu," nikasema.

Hakunielewa. Nikarudi barazani.

"Mlezi. Sauti hii ni ya nani?"

"Ya marehemu mama yangu," Mlezi akajibu. "Aliniachia kama zawadi. Kwa nini unauliza?"

Niliyasoma maneno hayo mpaka herufi zikaanza kuogelea. Mama yangu mimi, aliyenizaa mimi, ana mtoto mwingine mtandaoni?

Nikajiambia: huyu ndiye mwizi. Au ndiye aliyeuziwa na mwizi. Leo nimemkamata mkia.

"Jemedari, huyu mwenye mradi anaishi wapi?"

"Huna haja ya kumtafuta. Yuko mjini wiki hii. Nimemwalika, anakuja mchana kutufundisha. Utamwuliza kila kitu uso kwa uso." Akanitazama. "Mbona unatetemeka? Hujala?"

Sikwenda kula. Nilikaa macho mlangoni kama paka aliyeona tundu la panya. Nilikuwa nimempangia maneno. Nilikuwa nimempangia na polisi. Nilimwona kabisa kichwani: jibaba refu, jicho la wizi, pete kidole cha mwisho.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia wifi yangu.

Msomaji, moyo wa binadamu ni mjinga. Nilifurahi! Nilisimama nikampungia mkono. Nilidhani amekuja kunishtukiza kazini.

Yeye aliponiona, mkoba ulimponyoka begani.

"Karibu sana, Mlezi!" Jemedari alinguruma toka upande wa pili. "Jamani, huyu ndiye mwenye ule mradi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi mkono wangu ulibaki hewani, sijui niushushe vipi.

"Mlezi?" nikasema.

"Wifi..." akasema. "Wewe ndiye Mgeni?"

Nilimshika kiwiko, nikamvuta mpaka chumba cha mikutano, nikafunga mlango. Kuta za chumba kile ni za kioo. Ofisi nzima ilitutazama kama samaki wa mapambo.

"Marehemu mama yako?" nilianza. "Mama yako amenipigia simu juzi! Anaumwa goti, basi! Umemuua lini?"

"Punguza sauti, wifi."

"Sauti? Wewe wa kunifundisha habari za sauti?"

Akakaa. Machozi yalianza kumtoka, na machozi yake nayajua, huwa yanakuja upesi. "Mama yako alikuwa ananiita mwanangu. Nilimwosha. Nilimsuka. Hata hayo maneno, mengine mimi ndiye niliyekuwa nashika maiki. Nikiulizwa sauti ya nani, ningesemaje?"

"Ungesema ya mama wa wifi yangu. Ni maneno matano! Kuitwa mwanangu ni adabu, wifi. Si urithi."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nilipokuwa nimelala kitandani natazama ukuta? Au ulipokuwa unanipigia simu kuniuliza kama polisi wamempata mwizi?"

Akafuta macho. Kisha akasema polepole, "Mimi sikuvunja mlango wako."

"Basi nani?"

"Nililetewa kompyuta mkononi. Usinilazimishe, wifi. Niite mwizi, niite chochote, lakini hapo tuishie."

"Nani alikuletea?"

Alitazama pete yangu ya ndoa. Aliitazama tu, kisha akainamisha kichwa.

Nikaitazama na mimi.

Mume wangu ndiye aliyenishika mkono kwenda polisi. Mume wangu ndiye aliyeandikisha maelezo, mimi nikilia begani kwake. Askari alipouliza kama tunamshuku mtu, yeye ndiye aliyesema, "Afande, sisi hatuna adui."

Kumbe alisema kweli. Adui gani anapewa ufunguo wa mlango?

"Ifute," nikasema.

"Nini?"

"Sauti. Ifute kwenye hiyo seva yako. Leo."

Wifi alisimama. "Hujui unachokisema. Kuna watu wanaamka na sauti ile. Kuna mtu kaniandikia kwamba..."

"Sitaki kumjua. Mama yangu hakuomba kazi kwako. Ifute, la sivyo nafungua mlango huu nawaambia hao wote Mlezi ni nani."

"Nikifuta, imepotea. Mimi sina nakala nyingine. Ile kompyuta nilishamrudishia kaka."

"Ifute!"

Nilipiga kelele mpaka kioo kikalia. Nje, mla karanga aliacha kutafuna.

Wifi aliokota mkoba wake. "Nipe mpaka jua lizame. Niwaage watu waliokuwa wanaitegemea, angalau."

"Jua likizama," nikasema.

Jemedari alinidaka mlangoni. Vita vyote vilikuwa vimemtoka usoni. "Nimesikia nusu, na hiyo nusu imenitosha. Tumewaahidi wale watu. Sauti ikitoweka, kazi hii haipo, na wewe tulikuajiri kwa ajili yake. Nenda nyumbani. Tulia kwanza. Kisha uniambie kama kesho uje au usije."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Sikumbuki njia.

Mume wangu alikuwa sebuleni, viatu miguuni, kama mtu asiyejua kama anatoka au anakaa. Simu yake ilikuwa juu ya meza. Nikajua kaka na dada wameshaongea.

"Kaa kwanza," akasema.

"Nimekaa vya kutosha. Mlango ulivunja kwa kutumia nini?"

"Bisibisi."

"Viatu vyako vya harusi?"

"Nilivitupa. Nikaona mwizi hawezi kuchukua kitu kimoja."

Unajua nilicheka? Kicheko kilinitoka chenyewe, kibaya, kama kikohozi. Mwanaume kavitupa viatu alivyonioa navyo ili uongo wake usiende pekupeku.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unapotea." Sasa naye sauti ilipanda. "Huli. Hulali. Huogi. Unakaa na ile mashine gizani, unarudia neno moja, haya nakusikiliza, haya nakusikiliza, mpaka mimi mwenyewe nikaogopa kuingia chumbani. Nilioa mke, nikajikuta naishi na mjane wa mama yake! Nikasema niiondoe kidogo, mwezi tu, upumzike, nitairudisha."

"Na mwezi ulipokwisha?"

"Dada alikuwa amekwisha kuifanyia kazi. Alisema anakaribia kumaliza, nimpe muda, itakuwa zawadi. Kisha akaitangaza. Kisha wewe ukaanza kupata nafuu..."

"Nafuu!"

"Kila siku ilivyopita, ilizidi kuwa ngumu kukuambia."

"Kwa hiyo ukaniacha niamini kuna mtu kaingia chumbani kwangu. Nimelala na kisu chini ya mto, wewe uko pembeni yangu unakoroma."

Hilo la kisu hakulijua. Hata wewe msomaji sikukuambia.

"Nimemwambia dada yako aifute," nikasema. "Jua likizama, mama hayupo kwenye simu ya mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akiogopa kweli. Si wizi uliomwogopesha, wala polisi. Alisimama ghafla, akatazama dirishani. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la jirani.

"Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi umwambie asifute."

"Una wazimu?"

"Nakuomba. Baba yako..."

"Baba yangu ana nini?"

Macho yake yakaenda kwenye korido, kule chumbani kwa baba.

Nilikwenda. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati safi, amechana nywele, kama mtu anayetarajia mgeni. Visikizi vilikuwa masikioni. Simu ameilaza kwenye kiganja, kwa uangalifu, kama kifaranga.

Alikuwa anatabasamu.

"Baba."

Hakunisikia. Nikamsogelea, nikamtoa kisikizi kimoja, nikakiweka sikioni kwangu.

Mama alikuwa anasoma habari za michezo.

Nikakaa chini, sakafuni, pale pale penye viatu vya baba.

"Ah, ni wewe," baba akasema. Aliipapasa simu akaisimamisha. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Umenikamata leo."

"Tangu lini, baba?"

"Siku nyingi. Mumeo ndiye aliyeniletea. Aliniambia ni ile kazi yako na mama, kwamba kompyuta ilipatikana ukaimaliza, lakini kuisikia kunakuumiza, kwa hiyo nisiitaje mbele yako. Basi nikawa nasubiri utoke." Akaunyosha mkono, akakipata kichwa changu. "Nimekuwa nataka kukushukuru, mwanangu. Nikaona nitakutonesha kidonda. Kila ukifunga mlango kwenda zako, mimi nawasha, namwambia mama yako, haya, mwanao keshatoka, tusome."

Sikujua nimlilie nani.

Mume wangu alikuwa amemdanganya baba kwa jina langu. Shukrani za baba zilikuwa zangu, na sikuzifanyia kazi. Sauti ilikuwa ya mama yangu, na kila mtu nyumbani humu alikuwa amekaa nayo isipokuwa mimi.

"Leo nimechelewa kidogo," baba akaendelea. "Ngoja nimalizie hii habari, imefika patamu. Sikiliza na wewe. Usiogope."

Akanirudishia kisikizi kimoja, kingine akabaki nacho. Akabonyeza.

Mama akaendelea pale pale alipoachia. Alisema mchezaji alipokea mpira akiwa peke yake, akamtazama kipa, aka...

Kimya.

Dirishani, paa la jirani lilikuwa jeusi. Jua halikuwepo.

Baba alisubiri. Akabonyeza. Akasubiri tena, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza hatua za anayepanda ngazi. Akabonyeza mara nyingi, haraka haraka, kidole kinateleza.

"Mama yako kanyamaza," akasema. Alinipa simu. Ilikuwa na joto la kiganja chake. "Hebu nitazamie. Wewe ndiye fundi wake."

Nikaishika. Kwenye kioo paliandikwa kwamba seva haina sauti hiyo.

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama kizingitini, mikono inaning'inia.

"Kompyuta yangu iko wapi?" nilimnong'oneza. "Dada yako anasema alikurudishia. Iko wapi?"

Alimtazama baba, akanitazama mimi, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tangu anioe. Alikuwa mtu aliyebanwa kwenye kona siku nyingi, na sasa ameona upenyo.

"Mzee," akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile anayotumia mbele ya wageni. "Mwulize mwanao. Mwulize ni nani aliyemnyamazisha mama leo."

Baba aligeuza uso taratibu, akapatafuta mahali pumzi zangu zilipokuwa zinatokea.

"Mwanangu?" akasema. "Anasema nini huyu?"